Idhini ya Shemeji

Haya aliniambia rafiki yangu, mtunzi wa programu, mtu asiyejua kuogopa. Yeye na shemeji yake walikuwa wakijenga mfumo wa kompyuta wa bure, ule ambao yeyote anaruhusiwa kusoma msimbo wake. Walikuwa na sheria moja: ulichoandika hakiingii mpaka mwenzako akisome na kukiidhinisha.

Shemeji akafariki. Rafiki yangu, kwa uvivu tu, akawa anaingia kwa nywila ya marehemu na kujiidhinishia mwenyewe. Alifanya hivyo mara kumi na saba.

Mchana mmoja, akiwa peke yake katika chumba walichokuwa wakifanyia kazi wote wawili, akajiidhinishia tena, akaiamuru mashine iujenge mfumo upya. Feni za mashine zikavuma. Mara umeme ukakatika. Chumba kile hakina dirisha, kukawa giza totoro. Kisha kibodi ya mezani kwa shemeji ikaanza kugonga: ta, ta, tata.

"Nani hapo?"

Ikanyamaza kidogo, halafu ikaendelea.

Umeme uliporudi, kiti cha shemeji kilikuwa kitupu. Kwenye skrini, idhini ilikuwa imefutwa, dakika ile ile ya giza. Chini yake, kwa jina la marehemu, paliandikwa: "Shemeji, hii sikuisoma. Zile kumi na saba nazo sikuzisoma. Kaa hapo hapo, tuzipitie moja moja."