Inchi Moja ya Kukua

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Chaki alinawa mikono, akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani ya mama yake na kufungua daftari la vipimo. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu vidole vyake havikukosa unga wa chaki ya mafundi. Mama alipima, Chaki akaandika: kifua, mabega, urefu wa sketi. Kwa sare za shule, mama humwambia aongeze inchi moja ya kukua. Inchi hiyo hukunjwa ndani ya upindo, na mtoto akirefuka hufunguliwa.

Chumba chao kilikuwa kimoja. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia, meza ya kukatia ilikuwa dirishani, na katikati zilikaa cherehani mbili zikitazamana. Moja ya mama. Ya pili ilikuwa ya baba, Mungu amrehemu, na tangu azikwe miezi minane iliyopita ilifunikwa shuka jeupe. Mama aliipangusa kila asubuhi baada ya sala. Hakuna aliyethubutu kuweka hata kikombe juu yake.

Tangu msiba huo mama alishona kazi ya watu wawili. Mgongo ukamkaza, usingizi ukampotea. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa, akamweleza kwamba dawa peke yake haitoshi. Afanye mazoezi ya yoga, yaani alale chini, anyooshe viungo polepole na kuvuta pumzi kwa utulivu, kila siku. Mama akauliza alale wapi, juu ya pini? Muuguzi akacheka. Chaki hakucheka. Alikuwa amekwisha kupima sakafu: mahali palipobaki wazi palikuwa na futi nne tu, na mama yake ana futi tano na inchi tatu.

Basi akaanza kumtafutia mahali. Rafiki yake, binti wa kinyozi, aliazima simu ya baba yake, wakajibanza nyuma ya kibanda cha kunyolea wakitafuta kambi za yoga, mahali watu wanapokwenda kupumzika na kufanya mazoezi kwa siku chache. Ya kwanza ilikuwa na bwawa la kuogelea, na bei ya siku moja ilikuwa sawa na kodi ya chumba chao kwa miezi mitatu.

"Hawa wanauza hewa kwa kilo," alisema binti wa kinyozi. "Mwambie mama yako apumue hapahapa, bure."

Ya pili ilikuwa nafuu, lakini nauli ya kufika huko ilizidi bei yenyewe. Ya tatu ilimtaka kila mtu aje na hema lake. Walitafuta wiki nzima mpaka kinyozi akaidai simu yake.

Siku moja, wakati mama akisubiri dawa, Chaki aliona tangazo ukutani pale zahanati. Mwalimu mmoja wa yoga alikuwa ameandaa kambi ya siku tatu katika nyumba ya wageni nje ya mji. Kila mtu aje na mkeka na sahani yake. Ada ilikuwa ndogo, ingawa hata hiyo ndogo kwao ilikuwa pesa ya vitambaa. Chini kabisa paliandikwa kwamba nafasi moja ni ya bure, kwa mgonjwa mwenye shida kuliko wengine.

Chaki aliomba fomu, akaijaza nyumbani peke yake. Yeye ndiye aliyezoea kuandika kila kitu cha mama. Alikwenda vizuri hadi alipofika kwenye swali: Je, mgonjwa anaweza kutembea bila msaada? Akasita. Mama alitembea, ila asubuhi alishika ukuta. Chaki akafikiri juu ya sare na vipimo vyake. Inchi moja tu, akajiambia. Akaandika: Hawezi.

Jibu lililetwa na muuguzi. Mama alipoambiwa amepata nafasi, aliketi. "Mimi?" aliuliza, kama aliyeitwa na mtu asiyemwona. Wiki hiyo alijishonea mkeka kwa mabaki ya suti ya mwisho aliyoikata baba, na wakati akishona aliimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Chaki hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu mazishi. Akaliinamia daftari la vipimo, asimtazame.

Jumamosi asubuhi mwalimu wa yoga akafika kwa gari, mwanamke mwenye mvi fupi, akaja mlangoni akisukuma kiti cha magurudumu.

"Mgonjwa yuko ndani?"

"Ni mimi, dada. Karibu." Mama alikuwa amesimama mlangoni, begi begani, mkeka kwapani.

Mwalimu akaitazama miguu yake, kisha akaitazama fomu. Hakukasirika. Alieleza kwamba fomu zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa ya mpishi wa zamani wa shule, aliyevunjika nyonga. Yule mpishi alikuwa ameambiwa asubiri mwakani, kwa kuwa kuna aliyemzidi shida.

Mama akaomba kuiona fomu. Mwandiko aliujua, ulikuwa umejaa kwenye daftari lake.

"Chaki. Nani ameandika hapa?"

"Mimi, mama."

Mama akashusha begi. "Twende kwa huyo mpishi. Utasema mwenyewe."

Mpishi alikuwa ameketi kizingitini, magongo yake mawili yameegemezwa ukutani. Chaki alisema yote huku akiyatazama magongo hayo. Mpishi akamkazia macho, akamkumbuka tangu siku alipopika shuleni kwake.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukirudi na sahani," alisema, "ukisema chakula cha kwanza kimemwagika."

"Ndiyo, bibi."

"Nilijua hakikumwagika. Nilikupa kwa sababu sufuria lilikuwa bado na chakula. Nafasi hii, mjukuu wangu, ilikuwa moja."

Chaki akalia. Mama hakumbembeleza. Alimsaidia mpishi kukaa kwenye kiti cha magurudumu, akamwekea ule mkeka wa suti mapajani. Alisimama barabarani akiutazama mkeka huo mpaka gari la mwalimu lilipokata kona. Mwalimu alikuwa amewaachia karatasi ya picha za mazoezi.

Nyumbani, mama alikaa bila kugusa kazi. Chaki akamweleza kuhusu inchi moja.

"Inchi ya kukua mwenye nguo anaijua," alisema mama. "Imo mle mle ndani ya upindo wake. Hii yako uliikata kwenye kitambaa cha mtu mwingine."

Akaitazama cherehani ya baba. "Na mimi nina kosa langu. Ningekaa huko siku tatu, kisha ningerudi kwenye futi hizi hizi nne."

Akasimama. Akalitoa lile shuka, akalikunja mara nne. "Shika upande ule."

Cherehani ilikuwa nzito. Waliiburuta hadi barazani, wakipumzika mara mbili njiani. Iliposimama zamani, saruji ilikuwa na vishimo vinne vidogo vya miguu yake. Mama akavigusa kimoja kimoja kwa kidole. Kisha akatandika shuka hapo, akalala chali, akanyoosha miguu. Alienea.

"Soma," alisema.

"Vuta pumzi taratibu," Chaki akasoma kwenye karatasi.

Kifua cha mama kikainuka, kikatetemeka. Machozi yakamtiririka kuelekea masikioni. Chaki akaishusha karatasi.

"Usiache kusoma, mwanangu. Na sikiliza. Shida yetu itaje kwa kipimo chake, hata ukiiona fupi mbele ya shida za watu. Mungu anaijua ilivyo. Ukiirefusha, kuna mtu usiyemwona anapunguziwa yake."

"Ndiyo, mama."

"Haya. Inafuata nini?"

Chaki akajifuta macho kwa mkono wenye chaki. "Toa pumzi," akasoma.

Mama akaitoa.