Kamba Isiyo na Chumvi

Mlangoni mwa soko la samaki ulisimama ubao mweusi wenye mistari mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa bahari kuu, wa pili wa maji ya ndani ya miamba, wa tatu wa ufukweni. Kila asubuhi mbele ya kila mstari liliandikwa neno moja kati ya matatu: shwari, tahadhari au hatari. Hakuna aliyeshusha boti wala kurusha mshipi kabla ya kupita hapo kutupa jicho.

Mwenye ubao alikuwa baba yake Chaki. Zamani alikuwa fundi wa mashine za boti, mpaka siku mashine moja ilipochomoka kwenye mnyororo na kumwangukia gotini. Chama cha wavuvi kikampa kazi ya ubao. Habari za bahari kuu alizipata kwa simu kutoka ofisi ya hali ya hewa. Maji ya ndani aliyatazama kwa darubini, amekaa kwenye kiti chake mwisho wa gati, akihesabu mawimbi yanavyopasuka miambani. Lakini ufukwe hautazamwi kwa darubini. Mkondo unaovuta watu hupita chini, na juu yake maji huonekana yametulia kuliko kwingine kote. Ufukwe ulitaka miguu mizima, na Baba hakuwa nayo.

Kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya Chaki. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na jina hilo alipewa kwa sababu vidole vyake havikukosa unga mweupe. Kila alfajiri alichukua chupa nyekundu iliyotiwa mchanga nusu na kufungwa kamba ndefu, akatembea ufukwe mzima hadi kwenye majabali ya mwisho. Aliitupa chupa majini mahali patatu, na kila mahali akahesabu hadi sitini. Ikirudi mchangani, shwari. Ikiburutwa upande, tahadhari. Ikivutwa kwenda nje hadi kamba ikakaza, hatari. Akimaliza alirudi kuandika mstari wa tatu, ndipo aende shule.

Ilikuwa kazi ya saa nzima, kwenda na kurudi, na mchanga ukiingia viatuni. Asubuhi moja Chaki aliitupa chupa mara moja tu, karibu na gati, akarudi zake. Hakuna lililotokea. Kesho yake hakuitupa kabisa. Nyuma ya ghala la barafu palikuwa na bomba. Aliilowesha chupa na kamba hapo, akakaa juu ya kreti akitafuna karanga mpaka saa ikatimia. Sitamtetea. Hakuwa mgonjwa, hakuwa na njaa, na hakuna aliyemshawishi. Ulikuwa uvivu mtupu, na alipoona umempendeza akauzoea.

Siku kumi na moja zikapita hivyo.

Nyumbani kwao aliishi pia Shangazi, dada mkubwa wa Baba, ambaye ndiye aliyemlea Chaki tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Shangazi alivua kwa mshipi, amesimama kwenye tuta la mchanga, maji yakimfika magotini. Shule hakuiona hata kupitia dirishani. Maneno matatu ya ubao alifundishwa na Chaki mwenyewe, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni.

"Wewe una maneno elfu na kitanda hujui kutandika," alipenda kumtania. "Mimi ninayo matatu, na yote nayatumia."

Siku ya kumi na mbili kulipambazuka kweupe, bila upepo wala wingu. Lakini Baba aliposhusha simu, uso ulikuwa umemkunjamana.

"Kuna dhoruba mbali huko nje. Haitatufikia, ila mawimbi yake yatafika," alisema. Akaweka darubini machoni, akatulia, kisha akatikisa kichwa. "Miambani tayari yanapasuka. Andika hatari, mstari wa kwanza na wa pili. Na ufukweni vipi?"

"Shwari, Baba."

"Ajabu. Umefika hadi kwenye majabali?"

"Nimefika."

"Chupa?"

"Imerudi mara zote tatu."

Baba aliitazama ile chupa. Ilikuwa ikidondosha maji. "Basi andika," alisema. "Macho yako nayaamini kuliko simu."

Chaki akaandika, tena kwa mwandiko wake mzuri kuliko siku zote. Aliona aibu kidogo, akaimeza. Ambalo hakulifikiria, ingawa mtoto yeyote wa pale angelijua, ni kwamba mistari miwili ya juu ikisema hatari, watu wote wa boti huhamia kwenye mstari wa tatu. Siku za kawaida ufukweni walisimama watu kumi. Asubuhi ile waliteremka zaidi ya arobaini. Alikuwamo Mkasi, kijana aliyekata samaki sokoni kwa kasi iliyompa jina, ambaye leo hakuwa na samaki wa kukata. Mama yake, Mama Barafu wa ghala la barafu, alimwagiza asikawie.

Shangazi alipita ubaoni na kapu lake begani. Akaweka kidole chini ya neno.

"Shwari," akasoma kwa sauti, ili watu wasikie. "Mnaona? Huyu ndiye mwalimu wangu. Leo jioni tutakula samaki mpaka paka wa majirani wahamie kwetu."

"Shangazi..." Chaki alianza.

"Nini tena?"

Lilikuwa neno moja tu, na alikuwa nalo mdomoni. Baba alikuwa amesimama pale pale.

"Hakuna kitu."

"Basi nenda shule. Ukichelewa usiseme mimi ndiye niliyekuchelewesha."

King'ora cha gati kililia katikati ya kipindi cha pili. Mwalimu aliacha kuandika. Wanafunzi walitoka mbio bila kuruhusiwa, na Chaki akawa mbele yao wote.

Shangazi alikuwa amelala ubavu mchangani, akitapika maji, na magoti yamechunika. Watu walisimulia kwa kukatizana. Mawimbi matatu makubwa yalikuja yakifuatana, na maji yaliporudi yaliondoka na mchanga chini ya miguu yake. Kufumba na kufumbua alikuwa mbali. Mkasi alitupa mshipi wake akamfuata. Alimsukuma mpaka akaishika kamba waliyoirusha watu. Yeye mwenyewe hakuifikia.

Mama Barafu alikuwa majini hadi kiunoni, wanaume watatu wamemshika. Alikuwa anamwita mwanawe kwa jina la utotoni, jina ambalo Chaki hakuwahi kulisikia. Chaki alisimama akatazama.

Mkasi alipatikana siku ya tatu, akazikwa siku hiyo hiyo.

Asubuhi iliyofuata Chaki alimwona Baba akiitungua ile kamba kwenye msumari wa jikoni. Kamba iliyolowa maji ya bahari ikikauka hukakamaa na kuota unga wa chumvi. Hii ilikuwa laini kama kitambaa. Baba aliipitisha kati ya vidole, pima baada ya pima, kisha akaigusisha ulimini. Akageuka, akamkuta mwanawe mlangoni. Walitazamana. Baba aliirudisha kamba msumarini, akachukua fimbo yake, akaenda kwenye mkutano wa chama, naye Chaki akamfuata nyuma.

Watu walijaa sokoni mpaka juu ya meza za samaki. Katibu wa chama hakumpa Baba hata kiti.

"Ubao ulisema shwari," alisema. "Tunataka kujua nani alikwenda kuangalia."

"Kiwete anatuandikia vifo!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Mwanao ndiye hutembea ufukweni, siyo?" Katibu akauliza.

"Ubao ni wangu," Baba alijibu. "Sikuhakikisha. Kosa ni langu."

Wakamnyang'anya darubini. Wakamnyang'anya ufunguo wa ofisi ya chama, na mtu mmoja akaenda mwisho wa gati akakipiga teke kiti chake kikaanguka majini, na wengine wakacheka. Watu aliokuwa akiwatengenezea mashine bure walimpisha njia ili asiwaguse. Mmoja alimtemea mate. Baba alijifuta kwa mkono wa shati akaendelea kutembea, na goti lake siku hiyo lilikuwa bovu kuliko kawaida.

Nyumbani alikaa jikoni, akiutazama ukuta wenye maneno matatu. Chumba cha pili Shangazi alikuwa anakohoa. "Alikuwa na miaka ishirini," Shangazi alisema peke yake. "Mimi mzee ndiye niliyetolewa." Chaki aliziba masikio, lakini hayakuzibika. Alijua kwamba Baba anajua. Alijua pia kwamba Baba hatamtaja kamwe, hata wakimfukuza mjini. Hilo lilimuuma kuliko kiboko chochote, na ndilo lililomwinua.

Ghala la barafu lilikuwa wazi. Mama Barafu alikuwa amekwisha rudi kazini, anavunja barafu kwa nyundo ya mti.

"Shikamoo, mama."

Nyundo haikusimama.

"Ni mimi, mama. Sikwenda ufukweni siku ile. Sikuitupa chupa. Niliandika tu."

Nyundo ikasimama. "Ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya ghala hili. Nililowesha kamba bombani. Nikakaa nikila karanga."

"Nyuma ya ghala hili," Mama Barafu alirudia taratibu. "Mimi nilikuwa humu ndani."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nasikia nyundo yako."

Mama Barafu aliweka nyundo chini. Kisha akaokota pande la barafu, akalitia katika viganja vya Chaki na kuvifunika kwa mikono yake mwenyewe ili visifunguke.

"Hesabu hadi sitini."

Chaki alihesabu. Alipofika thelathini vidole vilikuwa vinawaka. Alipofika hamsini alikuwa analia.

"Tena," alisema Mama Barafu.

Akahesabu tena. Sasa mikono haikuwa yake, na sauti ilikuwa inakatika.

"Tena. Ni mara tatu, siyo? Au nimekosea?"

Mara ya tatu ilipokwisha, Mama Barafu alimwachia. Mikono yake pia ilikuwa imewiva kwa baridi, lakini hakuitazama.

"Umeona?" alisema. "Kuhesabu kwenyewe ni dakika tatu tu, na kutembea kidogo. Hiyo ndiyo kazi iliyokushinda, mwanangu akaifanya kwa niaba yako. Sijakusamehe, usije ukajidanganya. Haya, mbele yangu. Utakwenda kuyasema haya kwa Katibu, na utayasema kwa sauti."

Chaki aliyasema sokoni, mbele ya wale wale waliomcheka Baba. Hakubakiza bomba wala karanga. Walimzomea, na alistahili. Katibu alimrudishia Baba darubini na ufunguo bila kumtazama usoni. Kiti hakikupatikana tena. Wengi walitaka Chaki asiuguse ubao maisha yake yote.

"Hapana," alisema Mama Barafu. "Yeye akalale, mtoto wa mtu mwingine atembee? Atakwenda yeye. Na kila akirudi, ataipitisha kamba kwangu kwanza."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi, kiangazi na mvua, Chaki alitembea hadi kwenye majabali ya mwisho, akatupa, akahesabu. Kila asubuhi alisimama mlangoni mwa ghala, na Mama Barafu akaishika kamba, akaigusisha ulimini, akainamisha kichwa kidogo kuonyesha kwamba ameipitisha. Hakuitikia salamu. Miezi saba hakumsemesha hata neno moja.

Mwezi wa nane Chaki aliamka na homa, mwili ukitetemeka. Alijaribu kutembea, akaanguka kabla ya kumaliza nusu ya ufukwe, akarudi. Ghalani hakupita, maana kamba haikuwa imelowa na hakuwa na cha kupitisha. Alipofika ubaoni, Baba alimshika paji la uso, kisha akamtazama machoni.

"Nini tuandike, mwanangu?"

"Tusiandike kitu, Baba. Sikufika."

Mstari wa tatu ukabaki mtupu. Maji ya nje yalikuwa yamechafuka asubuhi hiyo, kwa hiyo watu walitaka ufukwe, nao wakawaka kwa hasira. Walimwita mvivu, walimwita muuaji, wakauliza kama kidole kinamuuma. Shangazi, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, alipitisha kidole mahali patupu.

"Hapa pamesema nini?"

"Hapajasema kitu, Shangazi."

"Basi narudi kulala," alisema Shangazi, akakunja mshipi wake. Mmoja mmoja, huku wakisonya, wale wengine nao wakageuka.

Chaki alikuwa amejikunyata chini ya ubao aliposikia hatua. Mama Barafu alikuwa ameona kamba imechelewa, amekuja kuitafuta mwenyewe. Aliichukua, akaionja. Haikuwa na chumvi. Akainua macho, akautazama mstari mtupu, halafu akawatazama watu wanaopanda kilima wakibwata.

"Wanakutukana," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Waache. Andika ulichokiona kwa macho yako. Ambacho hukukiona, acha wazi, hata wakuvue nguo kwa matusi." Alikuwa anaizungusha kamba mkononi, anaikunja vizuri, kama mtu anayekunja shati la mwanawe. "Wanaokutukana leo watakutukana na kesho. Maana kesho watakuwepo."

Akamwekea kamba mapajani, akarudi ghalani kuvunja barafu.