Bega la Mama Lililoganda

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilikuwa na kazi tatu nyumbani kwetu Lagangabilili: kuteka maji, kumwogesha mdogo wangu Masunga, na kumfunga mama mkono. Niliukunja mkono wake wa kushoto kifuani, nikauzungushia kanga na kukaza fundo. Kazi hiyo niliifanya kwa bidii kuliko zote, na mpaka leo inaniuma.

Bega lilianza kumuuma wakati wa kuchuma pamba. Hakuanguka wala kugongwa. Baba akasema, "Ndama wetu alipovunjika mguu tulimfunga, akapona. Na huo mkono tuufunge." Sisi ni wafugaji, tukaona amesema la maana.

Miezi minne ikapita. Mkono ukawa hauinuki kabisa, na mama hakuweza kufunga mbeleko. Masunga, aliyekuwa na mwaka mmoja, alilia abebwe na mama. Mama naye alilia. Basi nikambeba mimi, nikawa nachelewa shule.

Mwalimu Justina aliponiuliza sababu, nilimweleza. Akamwita baba na kumsihi ampeleke mama hospitali, Bariadi. Nilifuatana nao.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Bwana Mashimba, alijaribu kuuinua mkono. Haukwenda.

"Nani alikuwa anaufunga?"

"Mimi!" nilijibu kwa majivuno.

Alinitazama kwa huruma. "Hapa hakuna mfupa uliovunjika, binti. Utando unaozunguka kiungo cha bega umevimba na kukakamaa. Bega limeganda, na kulifunga kumezidisha tatizo."

Nilitamani ardhi inimeze. Vipimo vilionyesha pia kwamba mama ana kisukari, na wenye kisukari hupatwa zaidi na tatizo hili. Alipewa dawa, akafundishwa kukanda bega kwa kitambaa cha moto na kupandisha vidole ukutani.

"Taratibu, mayu, kila siku," alisema Bwana Mashimba, akimwita mama kwa Kisukuma. "Itachukua miezi mingi."

Ilichukua kumi na mmoja. Siku vidole vyake vilipogusa juu ya mlango, mama alichukua mbeleko, akachuchumaa. "Masunga, njoo nikubebe."

Masunga alimtazama, kisha akanikimbilia mimi.

Mama alibaki amechuchumaa. Nililia, nikamwomba radhi.

"Nyamaza, Kabula," alisema. "Ulinifunga kwa mapenzi. Lakini mapenzi hayajui kilichomo ndani ya bega. Mtu akiumwa, mpelekeni kwa anayejua, tena mapema. Mimi nimepona, ila mwanangu amekua bila mgongo wangu."