Boriti ya Gonpachi

Theluji ilikuwa imefika madirishani, maji yameganda ndani ya ndoo jikoni, na bado nguzo kuu ya nyumba ya Bibi Tatsue ilikuwa inatoa jasho. Mkaza mwana wake, Harue, aliifuta asubuhi, akaifuta tena baada ya chakula, kisha akalamba kidole. Chumvi. Akamwambia mumewe, Eizo, kwamba asipoletwa fundi wa kuikagua nyumba, yeye anarudi kwao.

Akaletwa Kuramoto. Kazi yake ilikuwa kupima viungo vya nyumba za kale, zile zisizojua msumari, ambazo ncha ya boriti huchongwa ulimi ukaingia kwenye tundu la nguzo na kubanwa kwa kabari. Eizo alitaka neno moja tu: paa litaibeba theluji ya mwaka huu, au wahame?

Kuramoto alipanda ngazi mpaka boriti kubwa inapokutana na nguzo. Akagonga kwa nyundo ya mti, akatega sikio. Mlio ulikuwa mzito, wa kiungo kizima. Kisha akachomeka bamba jembamba la chuma kwenye ufa, aone litagota ulimi wapi. Halikugota. Lilizama lote mpaka vidoleni mwake.

"Humu hamna kitu," akanong'ona.

"Hamna kitu vipi, na boriti iko juu?" Eizo akauliza.

Huko ndani kitu kilikuwa kimelidaka lile bamba, Kuramoto akivuta nacho kinavuta, na ufani mkatoka pumzi ya moto yenye harufu ya tumbaku na kwapa, pumzi ya mwanamume aliyebeba mzigo asioweza kuutua, ikimpiga usoni huku vidole vyake vikikaribia tundu kidogo kidogo.

"Mwachie bamba lake, fundi," Bibi Tatsue alisema kutoka kwenye meko, sauti ya chini. "Ukimsumbua ataachia."

Kuramoto akaliachia, akateremka.

"Nani huyo, mama?" Eizo akauliza.

"Nani tena? Marehemu baba yako. Gonpachi, fundi asiyekosea! Aliukata ulimi mfupi. Siku ya kupandisha boriti, kijiji kizima kimejaa chini kinangoja kurushiwa mikate ya mchele, kama desturi. Angesema ishusheni nichonge upya, wangemcheka mpaka kaburini. Akajaza vipande vya mbao, akapanda juu, akarusha mikate huku anatabasamu. Niliona mimi tu."

"Ukanyamaza?"

"Bibi arusi wa juzi, ningemwambia nani? Nimezeeka chini ya uongo wake. Nilipougua hakunishika hata mkono, lakini mti, tangu vile vipande vioze, anaushika mpaka leo." Akatemea majivu. "Nikifa nipelekeni kwetu, Eizo. Nimechoka naye. Sitaki hata kivuli chake."

"Utakwenda, mama. Naapa."

Harue hakungoja zaidi. Alikwenda hekaluni mbio, akarudi na mtawa, kengele na ubani.

"Ngojeni nikate miti ya kuegemeza kwanza," Kuramoto akasihi. "Mkimtoa huyu, boriti inashikwa na nini?"

"Nikae tena na maiti?" Harue akafoka. "Wewe kalale nayo kwako!"

Eizo akamtazama mkewe, akatazama theluji ya kwenda kukatia miti. Alikuwa mvivu tangu utoto. "Mtoe tu, mtawa. Miti tutakata kesho."

Mtawa akasoma, kengele ikalia, nguzo ikaanza kuguna, na ule mguno ukapanda na kupanda mpaka vikombe vikacheza rafuni, kisha ikatoka pumzi ndefu, ya mtu anayetua gunia, na ile harufu ya tumbaku ikawapita hapo walipokaa, ikatoka mlangoni bila kuaga. Gonpachi alikuwa ameondoka. Juu yao kiungo kikafunguka, masizi yakamwagika, boriti ikaanza kushuka.

Wote wakakimbia. Bibi Tatsue alikuwa wa mwisho, na alipoipita nguzo mikono yake ikainuka yenyewe, viganja juu, ikaganda hapo. Boriti ikasimama.

"Eizo, mwanangu, mikono haishuki."

"Mvute!" Kuramoto akapiga kelele.

Eizo alikuwa kizingitini, hatua chache tu. Akamtazama mama yake. Akaitazama boriti.

"Imesimama," akasema.

"Mvute, wewe!"

"Nikimvuta itaanguka."

Kuramoto alipomsukuma Eizo kando na kuingia ndani, mikono ya kikongwe ilikuwa imeshashuka na roho imeshatoka. Na boriti ilikuwa imerudi mahali pake, imebana.

Walimzika kwao, kama alivyotaka. Eizo alilia sana, na kijiji kikamsifu kwa kutimiza kiapo.

Theluji ilipoyeyuka Kuramoto alirudi na miti ya kuegemeza, hakuna aliyemwita. Aliwakuta mezani, wali na figili za achari. Akapanda, akagonga. Mlio mzito, mzima. Akaweka sikio, na kutoka ndani ya tundu ikaja sauti nyembamba, ya mtu aliyebanwa kifua:

"Eizo ameshakula?"

Chini, vijiti vya kulia vya Eizo vikasimama hewani. Alikuwa amesikia.

"Eizo," Kuramoto akasema, "miti nimeleta. Tuegemeze leo, umwachie mama yako akapumzike."

"Kiungo kinashika?"

"Kinashika, lakini..."

"Basi shuka, fundi, chakula kinapoa," Eizo akasema, akamsogezea Harue bakuli aongezewe wali.