Bwana Aliyeanikwa kwenye Kamba

Shati halikuwa limevaliwa na mtu yeyote, lakini Priscille alipolishusha kutoka kwenye kamba, makwapa yake yalinuka jasho.

Usimcheke. Msichana wa miaka thelathini na mbili, kazi yake kwenye ONG, shirika la misaada, anapanga peke yake Nguba, mtaa wa kando ya ziwa, angefanyaje? Wanaume wa parcelle, kiwanja kimoja cha nyumba za kupanga, walimgongea mlango, wake zao wakamnunia. Basi akanunua mitumba: shati la kiume na viatu vikubwa. Shati alilianika kila Jumamosi, viatu akaviweka mlangoni, na aliyeuliza alijibiwa, "Bwana yangu iko Kalemie." Heshima ikaja. Kumbe kulikuwa na mwingine aliyesikia kwamba nafasi ya bwana iko wazi.

Baada ya jasho, viatu vikakutwa na matope mabichi. Na ole wake, ndio mwezi aliompata Modeste, mwalimu wa Nyantende, mwanaume wa kwanza kumshika mkono barabarani bila haya. Alimweleza uongo wa shati, wakacheka pamoja. Modeste angekuja kwake Jumapili, mara ya kwanza.

Jumamosi alasiri mvua ilikuwa inapiga bati, Priscille amejilaza, akasikia mlango unafunguliwa, na kiatu kinavuliwa, kisha cha pili, na kitanda kikabonyea upande wa ukutani, na pumzi yenye harufu ya tumbaku na matope ya ziwa ikamgusa shingo, na mkono wa baridi ukamzunguka kiuno kwa mazoea ya mtu aliyelala hapo miaka, naye hakuthubutu kumeza mate, na kilichomtia aibu kupita woga wenyewe ni kwamba mwili wake ulitulia.

Jumapili, baada ya misa, alikimbilia kwa Maman Olive, jirani yake, mama wa maombi.

"Maman, nilidanganya. Sina na bwana."

Maman Olive akashusha sauti. "Nani basi alinibebea bidon ya maji jana? Anatusalimiaka kila siku."

Wakachukua shati na viatu, wakavichoma nyuma ya jiko la Maman Olive.

"Sema mara tatu: sina na bwana. Useme na moyo, ma fille, hapana mudomo tu."

Akasema mara moja. Akasema ya pili. Ya tatu hakuimaliza, kwa sababu alikumbuka ule mkono kiunoni.

Simu ikalia. Modeste.

"Nilifika mbele ya saa. Bwana yako alinifungulia mulango. Uliniambia iko shati tu, Priscille. Akaniambia wewe mwenyewe njo ulimwita. Usinipigie tena."

Priscille alipanda ngazi za nyumba yake akilia. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulinuka fufu ya moto na sambaza, vile vidagaa vya ziwa, vya kukaanga.

"Karibu, bibi yangu," sauti ikasema taratibu. "Nilikungojea."

Tangu ahamie Nguba, hakuna mtu aliyewahi kumngojea na chakula. Priscille alijifuta machozi, akaingia, akafunga mlango.