Chumba Kilichofutika Mchana Kweupe

"Tekeleza."

Neno moja tu la Mkuu kwenye redio ya Motorola. Shubiri akachomoa koleo.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya kisanduku cha nyaya, ghorofa ya tatu ya ngome ya wauza bunduki. Nyuma ya mlango wa nne walikuwa wamemfungia mdogo wake, rubani. Saa sita mchana wangemlazimisha arushe shehena yao kuvuka mpaka, kisha wammalize.

"Ukikata kamera, kengele italia," Mkuu alionya redioni.

"Haitalia, Mkuu. Mfumo kaandika Profesa."

Profesa, mtaalamu wa kompyuta wa wauza bunduki. Cheo alijipa mwenyewe. Programu yake ililihifadhi jengo kama mti: shina ni jengo, matawi ni ghorofa, vitawi ni vyumba, na jani ni kile ambacho kamera inaona. Ili kuupeleka kwa walinzi kule chini, aliuvunja mti kuwa mistari, kila jani na njia yake tangu shinani: jengo, ghorofa ya tatu, chumba cha nne, shwari. Chini mistari inaungwa, mti unasimama tena.

Kazi safi, ikifanywa na mwenye kichwa. Lakini kamera ikikatwa, jani hupotea; chumba kisicho na jani hakina mstari, na kisicho na mstari, mti mpya haukijui kabisa. Mtu mzima na ndevu zake, analipwa donge nono, na hilo halikumpitia akilini.

Kacha. Waya wa kamera ya chumba cha nne ukakatika.

Redio ya walinzi, aliyokuwa akiinasa sikioni, ikakoroma.

"Huko juu vipi?"

"Shwari, bosi. Vyumba vyote kijani."

Vyote vilivyobaki. Majuha hawakuona hata kwamba vimepungua.

Kufuli la mlango wa nne likaachia. Kamba za mdogo wake zikakatika.

"Dada, umechelewa."

"Shukuru ulitekwa na wajinga."

Kwenye ngazi wakagongana na Profesa, kompyuta kibao mkononi. Akamtazama mateka. Akatazama kioo. Akapekua, akapekua tena.

"Mbona chumba cha nne hakipo?"

"Muulize aliyeandika."

Bastola ya Shubiri, Beretta, ilimgusa kidevu. Pingu zikafuata.

Makomando wa Mkuu walipovunja mlango wa chini, walinzi walikuwa bado wanakodolea kioo chao cha kijani. Bunduki zote zilikamatwa zikiwa ndani ya ndege.

"Mistari yote ilikuwa sahihi," Profesa alinung'unika.

"Ile uliyoiandika, ndiyo."

Motorola ikaita. "Shubiri, huyo Profesa tumchukue? Kitengo cha kompyuta kina upungufu wa watu."

"Mkuu, huyu hata banda la kuku usimkabidhi."

Akazima redio, akamshika mdogo wake begani, wakatoka kwa lango kuu bila haraka.