Kiungio cha Pampu

Taa za gari ziliwaka mchana kweupe, na betri iko juu ya meza.

Fundi aliziangalia, koleo mkononi. Ni yeye aliyefumua nyaya zote za lile gari la mashindano la dada yake na kuziunga upya, kuanzia taa hadi pampu ya mafuta. Kulehemu kila kiungio kwa risasi kulimchosha. Mwishoni akawa anasokota tu nyaya, anazungushia tepu nyeusi, yamekwisha. Nani atafunua tepu?

Kwenye mazoezi gari lilizimika katikati ya kona, dada akaponea chupuchupu kuuvaa ukuta. Alipouliza kulikoni, fundi alijikausha akasema humu kuna jini. Nyumba nzima iliamini, hata mama yao akaacha kupita gerejini. Aibu ilimkaba fundi kila walipokaa kula, lakini angeanzia wapi kulirudisha neno lile?

Sasa ikaja harufu ya ubani uliochanganyika na plastiki inayoungua, honi ikakoroma kwa chini kama mtu aliyebanwa kifua, na nyaya chini ya dashibodi, zile alizozifunga kwa mikono yake mwenyewe, zikaanza kutambaa moja juu ya nyingine, polepole, zikijivua tepu, mpaka kikabaki uchi kiungio kimoja kilicholegea, na kutoka nyuma yake sauti isiyo ya mwanamume wala mwanamke ikanong'ona, "Umenisingizia."

Fundi alitoka mbio, kiatu kimoja akakiacha humo humo.

Mganga aliyeitwa na mama alilizunguka gari mara moja tu, akakataa hata kiti. Alisema jini huyu hana shida na gari. Amebebeshwa kosa lisilo lake, na haondoki mpaka jina lake lisafishwe. Kisha akamgeukia fundi. Fundi akatazama sakafu.

"Dada," alisema. "Siku ile hakukuwa na jini. Ni mimi. Waya wa pampu sikuulehemu, niliusokota tu."

Dada hakufoka. Afadhali angefoka. Alikigusa kile kiungio kwa kidole, nyaya zikaachana zenyewe. Taa zikazimika, harufu ikakatika, na mama aliyesimama mlangoni akashusha pumzi.

"Mdogo wangu, keshokutwa nakaa ndani ya gari hili," dada alisema taratibu. "Kuna kingine ulichofunga hivi?"

Fundi aliukumbuka waya wa swichi ya dharura ya kuzimia gari, ule uliopita chini ya kiti. Akamwona mama anavyomtazama. Kuaibika mara moja alikuwa ameweza. Mara ya pili, mbele ya macho yale, ulimi ulikataa.

"Hakuna, dada. Ni hicho tu."

Dada alizitazama taa zilizowaka tena, akaitazama betri juu ya meza, kisha akamtazama yeye.